Shajara ya nyumba ya barza, Lubumbashi: kuvua sima, kurudisha chokaa

Mwenye nyumba ya zamani hapa Lubumbashi akimuuliza fundi afanye nini na ukuta unaotoa unyevu, jibu ni lile lile: weka sima (saruji). Sisi tumeiweka mara tatu katika miaka thelathini, ukutani mara mbili na uwanjani mara moja, na kila mara unyevu ulipanda juu zaidi. Safari hii tunakwenda njia nyingine. Naandika kila hatua inapokwisha, pamoja na bei na makosa, ili mwenye nyumba kama yetu asilipe mara mbili kama tulivyolipa sisi.

6 Mei 2023: Nyumba yenyewe

Iko upande wa Makutano, nyumba ya chini isiyo na ghorofa. Karatasi ya zamani kuliko zote katika bahasha ya papa (baba yangu) ni ramani ya 1921. Mji ulikuwa na miaka kumi na moja tu: mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika, Wabelgiji wakachora barabara zinazokatana kama daftari la hesabu, wakauita mji Élisabethville kwa jina la malkia wao. Tanuri la shaba likawashwa 1911. Jina la Lubumbashi tulilipata 1966.

Nyumba za kwanza zilikuwa za mbao na mabati yaliyoshushwa kwenye treni. Yetu ni ya kizazi kilichofuata, cha matofali mekundu. Korido katikati, vyumba viwili kila upande, dari mita 3.6 kutoka sakafuni, paa la mabati lenye mteremko mkali, na barza mbele na upande wa magharibi yenye upana wa mita 2.4. (Neno barza ni baraza letu wenyewe. Wabelgiji walilichukua, wakalikata silabi, nasi tukalipokea tena hivyo hivyo likiwa limekatwa.) Jua la mchana halifiki ukuta wa mbele. Ukiketi pale Oktoba saa nane mchana unaelewa kwamba aliyechora nyumba hii hakuwa na mashine ya kupoza hewa na hakuihitaji.

Ramani inaonyesha ngazi nne za kupanda barzani. Leo ziko mbili. Nimeishi humu tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza zile mbili zilikwenda wapi.

Ugonjwa uko ukuta wa kaskazini, ambao hauna barza. Rangi inavimba na kupasuka, chumvi nyeupe inachanua kama unga, chumba cha mama kinanuka gunia lililolowa. Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) hutania kwamba nyumba hii hainunui chumvi. Historia ya matibabu: 1988 papa alipiga sima kutoka chini hadi kiunoni. 2009 tulimwaga zege uwanja mzima ili watoto wasicheze katika tope. 2017 fundi alivua sima iliyokuwa inabanduka, akaweka nyingine nene zaidi na rangi ya mafuta juu yake, dola 900. Kabla ya 2017 chumvi ilikuwa inaishia sentimita 60 kutoka chini. Leo nimepima: mita 1 na sentimita 10.

Kampuni moja imetupa bei ya dola 2,600: kuvua, kupiga sima yenye dawa, kubandika karo (vigae) hadi mita moja na nusu. Mama alipenda karo. Mimi niliomba wiki mbili.

13 Mei 2023: Shimo moja

Kabla ya kununua chochote, nilichimba. Shimo moja la upana wa sentimita 60, kupitia zege la 2009, likigusana na ukuta wa kaskazini. Gharama: jasho langu na patasi ya kuazima.

Kwa kina cha sentimita 22 nilikuta tundu la mstatili katika ukuta, lenye chuma cha wavu kilicholiwa na kutu, limejaa udongo na mizizi. Nikapiga tochi ndani: giza na uwazi. Sakafu ya vyumba vya upande ule ni ya mbao, imelala juu ya vipagio (boriti) vya mulombwa, mti mgumu wa huku, na chini yake kuna nafasi ya hewa. Tundu lilikuwa la kuingiza upepo humo. Nilipima umbali nikachimba tena mita mbili mbele, nikapata la pili. Yako sita ukuta wa kaskazini na sita wa kusini, yanatazamana, ili upepo upite chini ya nyumba na kutokea ng'ambo.

Basi ngazi mbili zilizopotea ziko hapo, chini ya uwanja wetu. Miaka mia ya kufagia, kumwaga majivu, kusawazisha, kisha zege letu la 2009, vimeuinua uwanja na kuyazika matundu yote. Na zege lenyewe lina mteremko wa kuelekea ukutani. Kila mvua tulikuwa tunainywesha nyumba.

Nilimleta mzee mmoja fundi wa mtaa wa Kamalondo, aliyejifunza kazi ujanani kwa wajenzi wa misheni. Alizunguka nyumba bila kusema kitu. Alipofika kwenye shimo alichuchumaa, akakwaruza tofali kwa ufunguo wa baiskeli yake, tofali likatoa vumbi.

"Mwanangu," akasema, "hii nyumba haina bugonjwa. Mulifunga pua yake."

"Papa, na hii sima tuivue yote?"

"Yote. Mayi haipandi mu ukuta juu ya kupenda. Inatafuta fasi ya kutokea. Mukifunga huku chini, itapanda kutafuta huko juu."

Karo za mama ziliishia hapo, ingawa ilichukua jioni mbili kumshawishi.

10 Juni 2023: Kuvua sima

Kazi ya siku tisa, mafundi wawili, dola 10 kwa mtu kwa siku. Ningeweza kuandika mstari mmoja, ila siku ya kwanza tuliharibu vitu.

Tulikodi nyundo ya umeme. Ilikwenda haraka, na kila kipande cha sima kilichoanguka kilikwenda na uso wa tofali. Matofali haya yanatokana na kichuguu. Anayesafiri kuelekea Kasenga au Likasi ameviona vichuguu vya misitu yetu ya miombo, vilima kabisa, vingine vinafika mita 8, na miti imeota juu yake. Bulongo (udongo) ya ndani yake ina mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayovizunguka, inashikana vizuri bila kuongezwa kitu, ndiyo maana wafyatua matofali wa mji huu wanaipenda tangu mwanzo. Ila tofali la tanuri la kienyeji halichomwi sawasawa. Likitoka, uso wake ni mgumu na ndani ni laini. Uso ukivunjika, kinachobaki ni kama biskuti.

Hadi saa sita mchana tulikuwa tumevunja nyuso za matofali 41. Nilisimamisha mashine. Njia iliyofaa: kukata sima kwa diski katika vipande vya sentimita 20 kwa 20, kina cha diski kisizidi unene wa sima yenyewe (milimita 25 kwetu, pima kwanza mahali pengi), kisha kuinua kila kipande kwa patasi pana ukigonga kutoka pembeni, wala si kutoka mbele. Sima ya 2017 ilitoka kama ganda la yai, haikuwa imeshika. Ile ya papa ya 1988 ilikuwa mbishi.

Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa kama siku ya mvua, na sisi tuko katikati ya kiangazi. Udongo wa viungo, maana matofali yaliunganishwa kwa bulongo na chokaa kidogo tu, ulikuwa unachoteka kwa kijiko hadi kina cha sentimita 3. Hiyo si ubahili wa mjenzi. Kabla ya kiwanda cha sima cha Lubudi kuzoeleka katika miaka ya 1920, sima ilikuja na treni kutoka kusini, na haikumwagwa ovyo kwenye nyumba ya karani.

Katika fremu ya dirisha la pili, chini ya rangi, fundi mdogo alikuta risasi imezama ndani ya mbao. Katanga ilijitangaza huru tarehe 11 Julai 1960, na mapigano na majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipita mjini Septemba na tena Desemba 1961. Papa alinunua nyumba 1976, miaka mitatu baada ya zairianizasioni (serikali ilipotwaa mali za wageni), na hakuna aliyemwambia habari za risasi. Mama amesema iachwe ilipo. Tumepaka rangi kuizunguka.

Gharama: mafundi 180, diski tatu 12. Jumla dola 192. Mwenye nyundo ya umeme aliturudishia pesa kwa kuwa tuliirudisha mchana ule ule.

24 Juni 2023: Matofali 41

Nilidhani hii ni kazi ya asubuhi moja. Tofali la leo linalouzwa barabarani ni fupi kuliko letu na nyembamba. Letu lina urefu wa sentimita 25 na unene wa 7. Ukiweka la leo, kiungo kinakuwa kinene na mstari unapinda. Tofali la sima ni baya zaidi, linarudisha tatizo lile lile tulilovua.

Matofali sahihi yalikuwepo uani, katika boyeri. Kwa msomaji asiye wa huku: boyeri ni vile vyumba vya nyuma walipolala watumishi wa nyumba. Mji ulikuwa umegawanywa. Weupe katikati, Waafrika ng'ambo ya ukanda mtupu ulioachwa makusudi kwa kisingizio cha mbu na malaria, na Kamalondo ikaanzishwa 1921 upande wa pili wa ukanda huo. Aliyeruhusiwa kulala katika mji wa weupe alikuwa boi, mpishi, mlinzi, nyuma ya nyumba ya bwana. Babu yangu alipika miaka mingi katika nyumba ya namna hii, si hii yetu, na alilala katika boyeri kama hii. Ramani ya 1921 inaipa kila chumba cha boyeri mita 2.5 kwa 2.5, dirisha moja dogo juu, dari hakuna. Barza ya bwana ina eneo kubwa kuliko vyumba vyote vitatu vya boyeri pamoja.

Sehemu ya kufulia ya boyeri imeanguka paa tangu zamani. Nilipendekeza tubomoe ukuta wake. Mama alikataa mbele ya mafundi. "Mtabandua nyumba ya wadogo ili mtengeneze ya wakubwa?" Sikuwa na jibu. Mwishowe tulikubaliana kuokota yale yaliyokwisha kuanguka yenyewe, tukapata 33 mazima. Manane yaliyobaki tuligeuza ya ukutani: unatoa tofali polepole, unalizungusha, uso wa ndani ambao haujawahi kuona mvua unatazama nje. Inafanya kazi vizuri sana. Ningejua, ningefanya hivyo kwa mengi zaidi.

15 Julai 2023: Chokaa

Chokaa haikosekani katika mkoa wenye viwanda vya shaba na kobalti, maana viwanda hivyo huitumia kupunguza asidi, na mawe ya chokaa ya Kakontwe karibu na Likasi yanachimbwa tangu enzi za wakoloni. Taabu ni kununua mifuko michache. Nilizunguka siku mbili. Mifuko minne ya kwanza, kwa muuzaji fulani, ilikuwa imekaa wazi mahali penye unyevu, ikawa imekwisha kujizima yenyewe na kugeuka vumbi lisilofaa. Dalili yake: ukitia kipande katika kikombe cha maji hakichemki. Nenda sokoni na kikombe. Muuzaji alikubali kubadilisha baada ya maneno mengi.

Kuzima chokaa hai, yaani kuitia maji kabla ya kuitumia. Hapa nilifanya ujinga. Nilitumia pipa la plastiki la bluu, lile la kuhifadhia maji. Chokaa hai ikikutana na maji inatoa joto la kuchemsha. Pipa lililegea ubavu, likaegemea, na tope la moto likamwagika nusu mita kutoka miguu yangu. Nilikuwa na miwani na buti, mtoto wa jirani aliyekuwa anatazama hakuwa na kitu. Hakuumia, lakini tangu siku ile lango linafungwa. Tulikata pipa la chuma katikati tukapata vyombo viwili. Maji ndiyo yatangulie, chokaa ifuate kidogo kidogo huku unakoroga kwa mti mrefu. Ukifanya kinyume inakurukia.

Tope lililozimwa tulilichuja kwa wavu wa mbu mara mbili tukalifunika na maji juu. Mzee alitaka miezi mitatu. Nilimwambia mvua inakuja Oktoba mwishoni. Tukapatana wiki nne, akanung'unika.

Gharama: mifuko 18 kwa dola 9, 162. Mchanga gari moja dola 80. Pipa 25. Miwani na glavu 14. Jumla 281.

12 Agosti 2023: Lipu ya kwanza, imekufa

Kipimo: chokaa moja, mchanga tatu. Mafundi walipiga ukuta wa kaskazini kwa siku sita, kanzu (tabaka) moja ya unene wa sentimita 2, wakaisawazisha kwa ubao kama wafanyavyo kwa sima. Ilipendeza. Siku ya nne baada ya kumaliza nilipitisha kiganja, kikarudi cheupe. Siku ya saba nilikwaruza kwa ukucha, lipu ikamwagika kama sukari.

Makosa matatu, yote yangu, kwa sababu mzee alikuwa amekwenda kwenye matanga Kipushi na mimi sikutaka kungoja.

La kwanza ni jua. Miezi hii jua linapita kaskazini, ukuta ule unapigwa asubuhi hadi jioni, na upepo wa Agosti ni mkavu. Sima ikimaliziwa hapo inavumilia kidogo. Chokaa haivumilii. Chokaa inageuka jiwe kwa kunywa kaboni dioksidi iliyo hewani, na hunywa ikiwa na unyevunyevu tu. Yetu ilikauka siku mbili, ikalala hapo ikiwa chokaa bado. La pili, hatukulowesha matofali vya kutosha, nayo tofali la kichuguu likavuta maji yote ya lipu kama mtu aliyetoka jangwani. La tatu ni unene: kanzu moja nene inafunga uso wake na ndani inabaki mbichi.

Tuliikwangua yote. Hasara: kazi ya mafundi dola 120, chokaa na mchanga wa kama dola 70. Yaya aliniuliza kama zile karo bado zipo dukani.

9 Septemba 2023: Lipu ya pili

Mzee alirudi. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki.

Tulitundika magunia ya jute kutoka ukingo wa paa hadi chini, urefu wote wa ukuta, yakiwa kivuli. Tulilowesha ukuta jioni, tukalowesha tena asubuhi, tukapiga kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, basi. Kanzu tatu za milimita 7 hadi 8 kila moja, ikipishana siku tano hadi saba, na katikati magunia yananyunyiziwa maji mara tatu kwa siku. Kazi ya kunyunyizia ilikuwa ya watoto wa yaya, kwa malipo ya soda.

Jambo jipya ambalo mzee alileta: vumbi la tofali. Vipande vya matofali 41 yaliyovunjika vilitwangwa katika kinu cha zamani cha mama (kinu hakitatwanga tena pondu, majani ya muhogo, nimeagizwa kununua kingine), vikachekechwa. Kanzu ya kwanza na ya pili zilipata chokaa moja, vumbi nusu, mchanga mbili na nusu. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo ukisagwa laini unashirikiana na chokaa na kuifanya igande hata mahali ambapo hewa haifiki vizuri. Tofali lililochomwa sana, lile jeusi linalolia kama kengele, halifai kwa hili.

Kanzu ya mwisho haikulainishwa kwa mwiko wa chuma. Mwiko wa chuma huleta utelezi juu na kuziba uso. Tulitumia ubao.

Leo ukucha hauingii. Gharama: mafundi 280, chokaa zaidi mifuko sita 54, magunia 10. Jumla 344. Kinu sijakihesabu.

7 Oktoba 2023: Kurudisha ngazi mbili

Jakaranda zimechanua, barabara ni zambarau, na joto limeanza kuuma. Tumebaki na wiki tatu kabla ya mvua.

Tulikata zege kando ya kuta mbili ndefu, upana wa mita 1 na sentimita 20, tukachimba hadi chini ya matundu. Ngazi mbili zilizozikwa zilionekana: za matofali, ukingo umelika katikati kwa nyayo. Watoto walikaa juu yake siku nzima.

Mfereji wa kuondoa maji ndio ulinikosesha usingizi. Fundi aliupima mteremko kwa macho. Nilimwaga ndoo mbili za maji upande wa juu, yakasimama, yakafikiri, yakarudi kwetu. Mita nne za mwisho zilikuwa zimepanda sentimita 3. Kuvunja na kurudia: dola 40. Tumia bomba la plastiki linaloona ndani, lijaze maji, shika ncha mbili: mafundi wote wanalijua, wanaona tu uvivu kulitoa garini. Mteremko wetu sasa ni sentimita 1 kwa kila mita.

Kando ya ukuta hatukurudisha zege. Tumeweka tabaka la kokoto la sentimita 15 ambalo linaruhusu ardhi kupumua. Jirani amesema zitaleta nyoka. Matundu yamezibuliwa yote kumi na mawili, yamepata nondo na wavu mpya wenye vitundu vidogo. Kutoka chini ya sakafu tulivuta panya waliokauka, chupa za wino, na kiatu kimoja cha mtoto. Usiku wa kwanza upepo ulipita chini ya chumba cha mama, akalalamika miguu baridi.

Vipagio vinne kati ya kumi na tisa vimeoza ncha zilizoingia ukutani. Mchwa, cha kushangaza, hawakugusa mulombwa. Walikula fremu ya mlango wa nyuma ambayo papa aliweka mpya.

Gharama: kuchimba na kujenga 150, vifaa 95, kurudia 40, wavu na nondo 36. Jumla 321.

28 Oktoba 2023: Juu

Kwa ufupi. Paa lina vidirisha viwili vya mbao juu kwenye pembetatu za mashariki na magharibi, vyenye mapengo ya kutoa joto lililokusanyika kati ya mabati na dari. Mtu alivipigilia mabati, nadhani kwa ajili ya popo. Tumefungua, tumeweka wavu. Bati moja la zamani lina muhuri wa kampuni ya Lysaght ya Bristol, Uingereza, zito mara mbili ya yale tunayonunua leo. Manne tu yalihitaji kubadilishwa, yote juu ya barza.

Vyumba viwili vina dari ya Eternit, iliyowekwa pengine enzi za papa au kabla. Ina asbesto, ambayo vumbi lake ni la hatari. Fundi wa mbao alitaka kuikata kwa msumeno apitishe waya. Hapana. Haijavunjika, kwa hiyo imepakwa rangi na kuachwa, na waya umepita pembeni.

Mulombwa wa kuunganishia vipagio 130, fundi 90, mabati manne 60. Jumla 280.

25 Novemba 2023: Mvua

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku wa Jumanne, na asubuhi kumbikumbi walijaa barzani hadi tukafagia kwa karai. Nusu tulikaanga. Maji ya uwanja yalikwenda kwenye mfereji, mfereji ukayapeleka barabarani.

Kosa moja: mahali paa la barza linapokutana na paa kuu, fundi alipigilia misumari katika bonde la bati badala ya mgongo wake. Matone saba, nimeyahesabu kwa sufuria saba. Aliitwa, akarekebisha bure, akala chakula cha mchana kwetu. Nampa heko.

11 Februari 2024: Baada ya miezi mitatu ya mvua

Chumvi imetoka tena, na nilijua itatoka. Iliyomo ukutani tangu 1988 lazima ipite mahali, nayo sasa inapita kwenye lipu. Imefika sentimita 35 kutoka chini mwezi Desemba, na leo iko 30. Naipangusa kwa brashi kavu kila Jumamosi. Usiioshe kwa maji, unairudisha ndani. Mzee anasema misimu miwili zaidi ya mvua, kisha tutapaka chokaa ya maji, rangi ya mafuta isikanyage hapa.

Sakafu ya chumba cha mama haibonyei tena chini ya mguu wa kitanda. Harufu ya gunia imekwisha kati ya Krismasi na leo, sikuona siku yenyewe.

Jumla yote, ukihesabu na dola 120 za ufundi wa lipu iliyokufa: 192 + 281 + 120 + 344 + 321 + 280 = dola 1,538.

Ukuta wa magharibi, ulio chini ya barza, bado una sima ya papa. Unaonekana mzima, lakini nilipogonga kwa kifundo cha kidole jana, mahali pawili paliitika kama ngoma. Mei tunaanza huko. Mapipa mawili ya chokaa yamezimwa tayari na kufunikwa uani, nyuma ya boyeri, na safari hii yatakuwa na miezi mitatu kamili ambayo mzee aliitaka.